Mlango Unaouona Umefungwa

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Wifi nisalimie sana, na namaanisha mkeo, si wa mtandao, maana siku hizi ukitajiwa wifi sijui unamfikiria yupi kwanza. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umejaa hasira, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma huku unatembea. Karatasi itakubidi ukae chini.

Nianze pale ambapo hatukugombana. Mama alisahau sufuria jikoni, jirani akaona moshi, tukaogopa wote wawili. Ukaniomba, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, nitafute namna ya kumwangalia Mama ukiwa huko mbali. Nikafunga valvu ya kuzima gesi, taa, kihisi cha sebuleni cha kuonyesha kama anatembea, na kitasa cha umeme mlangoni. Nikakutengenezea ukurasa wa kuviona vyote kwenye simu yako. Nilikueleza unavyofanya kazi, ukaitikia sawa, sawa, macho yako yako kwingine. Narudia, maana utahitaji kuelewa mbele. Ukurasa wako na kile kitasa havijawahi kuzungumza. Ukibonyeza "Funga", agizo lako linakwenda kwenye huduma ya kupokezana ujumbe iliyoko mtandaoni. Kitasa nacho kimejiunga na huduma hiyohiyo, kinasikiliza maagizo yaliyoandikwa jina lake. Kikishatii, kinarudisha jibu kwa njia ileile, na kwako inatokea alama ya kijani. Wewe unachokijua ni kijani tu.

Kitasa kile tulikubaliana kiwe cha kumfungulia jirani au daktari, endapo Mama ataanguka. Cha kufungulia, Kaka. Kumbe ulimtuma fundi mwingine akang'oa kishikio cha ndani, bila kuniambia, eti Mama anatoka hovyo. Kuanzia hapo, nani atoke na nani abaki ikawa kazi ya kidole chako.

Akafariki Mama Vifungo. Sina haja ya kukueleza alikuwa nani kwa Mama. Wamekuwa mashoga tangu usichana, wameshona sare za shule kwenye meza moja, mmoja akikata, mwingine akiunga, mpaka ulipomwamuru Mama apumzike. Siku ya mazishi nilikwenda kumchukua. Nilimkuta amevaa, viatu miguuni, mkoba begani, amesimama dirishani nyuma ya nondo. Mlango haufunguki. Akasema amekupigia, hukupokea. Nikakupigia, simu imezimwa. Nikafungua kompyuta yangu hapohapo barazani ili nifungue mlango kupitia mfumo, nikakuta umeniondolea ruhusa. Mfumo nilioandika kwa mikono yangu ukaniambia haunitambui.

Nikamwita fundi aje avunje. Kabla hajafika, gari la maiti likapita barabara ya chini, watu wakilifuata kwa miguu, na binti wa Mama Vifungo akageuza uso kutazama nyumba yetu. Mama aliwasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona. Hakulia. Alisema tu, "Nimekaa humu kama mzigo unaosubiri mwenyewe." Kisha akainama akavua viatu, akaniambia nimrudishe fundi, hakuna tena pa kuwahi.

Jioni uliwasha simu ukafungua. Ulinieleza kwamba ulikuwa kikaoni, kwamba Mama ana presha na angezimia makaburini, kwamba ulitumia akili na sisi tunatumia machozi. Nilipokuuliza nani alikupa haki hiyo, ukajibu, "Bora anikasirikie akiwa hai." Halafu ukakata simu. Nimelirudia jibu hilo kichwani nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni, nikiwa napiga mswaki. Nimejaribu kukuelewa, Kaka, kwa sababu najua unampenda. Nimeshindwa. Mtu anayefungiwa mlango kwa nje, asijue utafunguliwa lini, ana jina lake, na jina hilo si mama.

Sasa kaa vizuri. Mama haishi tena katika nyumba ile.

Uliniondolea ruhusa kwenye ukurasa ukadhani umemaliza. Lakini vifaa vyenyewe vina funguo zao za siri za kujitambulisha kwa ile huduma, na funguo hizo niliziweka mimi. Mazishi yalipopita, niling'oa kitasa chako nikaweka cha kawaida, ambacho ufunguo wake Mama anao mkobani. Kisha nikaandika programu ndogo ikajitambulisha kwa majina ya vifaa vyote: mimi ni kitasa, mimi ni taa, mimi ni kihisi cha sebuleni. Huduma ikaikubali. Tangu hapo, ukibonyeza "Funga" unaifungia kompyuta iliyo mezani kwangu, nayo inakujibu kwa adabu kwamba tayari. Yule mama unayemwona anaamka, anazunguka kidogo sebuleni, anakaa, analala mapema, nimemtunga mimi. Majuzi ulinitumia picha ya ukurasa wako ukaandika, "Unaona sasa alivyotulia?" Picha hiyo ilinikuta nimekaa na Mama mwenyewe. Nilimwonyesha. Alicheka, halafu akanirudishia simu.

Yuko kwenye karakana ya Mama Vifungo, ameshika mkasi. Binti wa marehemu alikuwa karibu kufunga kwa kukosa mkataji. Mama akaenda kumshika mkono kwa muda, akaishia kuhamia chumba cha nyuma. Presha anapimwa zahanati, ng'ambo ya barabara. Sufuria bado anasahau, sikufichi. Tumeweka king'ora cha moshi kinachopiga kelele hapohapo, na wasichana wa cherehani wanakimbia kuzima huku yeye akiwafokea kwamba wameacha pindo limepinda. Amenenepa. Ana sauti tena.

Nimekudanganya, na nimekudanganya kwa makusudi. Nilijiambia hautadumu uongo huu, maana utampigia Mama, utasikia cherehani nyuma yake, utauliza yuko wapi, na hapo tutagombana kama watu. Hukupiga. Nikangoja nikidhani labda kesho. Programu yangu inaniandikia kila agizo linaloingia, kwa hiyo nimeona jinsi ulivyouulizia mlango asubuhi na jioni, ukiwa kazini, ukiwa safarini, hata sikukuu. Umeujali mlango ule kuliko ninavyoweza kueleza. Mama hujamuuliza lolote. Nilimwomba akupigie yeye, akakataa. Anasema siku ile ya mazishi alikupigia, na bado anangoja umrudie. Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika, Kaka. Mwanzo nilikasirika kwa kuwa ulimfungia. Sasa nimekasirika kwa kuwa, alipotoka, hukujua.

Nikishahakikisha umeipata barua hii nitaizima programu. Ukurasa wako utageuka mwekundu, kifaa kimoja baada ya kingine, vyote vikisema havipatikani. Usitafute fundi. Hakuna kilichoharibika.

Wajomba na shangazi wanakusalimu. Wabusu watoto, waambie bibi yao anawashonea nguo, na vipimo vyao anavyo tayari, alipewa na wifi. Usimfokee kwa kukuficha. Yeye alimpigia Mama simu, ndiyo maana anajua.

Ni mimi,
mdogo wako uliyenifundisha kusoma saa, na ambaye bado nimekasirika.