Kiganja cha Tekla Barazani

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Ufa umefika dirishani. Ulianzia kona ya chumba chetu cha kulala, ukakata sakafu ya baraza, na leo umepita katikati ya kiganja cha Tekla. Nimecheka peke yangu jikoni!

Tekla ni marehemu mke wa kwanza wa Donati, mume wangu. Walipojenga alibandika mkono simenti ikiwa mbichi. Vidole vyote vinaonekana. Mwaka wa tatu huu navifagia, na watu wa Lipangalala bado wanasema wanapita "kwa Tekla". Kwa Tekla! Na mimi ni nani?

Jumatano, 5 Septemba

Fundi Hermenegildi kaja. Kagonga sakafu, ikalia kama debe tupu. Chini palikuwa na kichuguu. Donati na Tekla walipapenda kwa sababu ni juu, maji ya masika hayafiki. Wakakisawazisha, wakajenga. Kumbe mchwa waliacha mapango, na sasa kona inatitia. Anasema avunje baraza, achimbe mpaka chini ya kona ya chumba chetu, afike udongo mgumu, aweke msingi mpya.

Donati kauliza taratibu kama kile kipande chenye mkono kinaweza kubaki. Nikamwahi fundi — vunja chote!

Jioni Donati hakugusa wali. Naona wivu, ndiyo. Wivu kwa maiti. Aibu, lakini ndivyo.

Ijumaa, 7 Septemba

Wamevunja. Ila kiganja kakichonga Donati mwenyewe, kwa ile patasi yake ya useremala nisiyoruhusiwa hata kuishika! Kimetoka kizima na ufa wake, sawa na sinia. Nikamwambia akakitupe mtoni, Lumemo. Akasema sawa. Sawa tu.

Jumatatu, 10 Septemba

Lori la mawe kutoka Sanje halijafika. Hapa kwetu ni mchanga na matope, jiwe la kumfukuzia kunguru hulipati. Basi fundi kasema vipande vya sakafu ya zamani vyote viingie shimoni.

Nimechungulia. Kiganja kimo! Kimelala kwenye kona, upande wa kichwa cha kitanda chetu, vidole vikitazama juu.

Nikamgeukia Donati. Akasema, "Scola, si ulitaka kitoke barazani? Kimetoka." Hakuwa na kejeli. Macho mekundu.

Nikashuka shimoni, nikaweka mkono wangu juu yake. Sijawahi kukigusa, nafagia tu. Mkono wake mdogo! Kama wa msichana wa komunyo ya kwanza. Nilidhani alikuwa jitu la mwanamke.

Fundi kakoroga simenti, kashika karai, kauliza amwage? Donati akaniangalia mimi. Nikasema nakuja, nakunywa maji. Nimekaa chumbani naandika.

Nikisema kitoeni, Donati atakificha mahali, namjua. Nikisema mwageni, nitalala juu yake maisha yangu yote, na Tekla ndiye atakayeishika nyumba yangu isianguke.

Hermenegildi anaita, "Mama, simenti haingoji!"

Namwona Donati dirishani, kavua kofia kama yuko makaburini —