Sauti ya Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, Kibaha. Manyunyu tangu alfajiri, na sina hamu ya kuongea na mtu. Ofisini nimejibu watu kwa kichwa tu, mpaka bosi akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema mafua.

Si mafua.

Jana kwaya yetu ilialikwa Maneromango, ibada mbili, ya asubuhi na ya mchana. Mimi napiga gitaa la solo. Nalipiga kwa sababu Elia, mwenye nafasi hiyo, alifariki mwaka jana kwa ajali ya pikipiki, na aliyebaki anayejua gitaa nilikuwa mimi, mtu wa rithimu. Maneromango ndiko kwao Elia, na mama yake bado anaishi huko. Baada ya mazishi alikuja mwenyewe mpaka Kibaha na pedali ya mwanawe ikiwa imefungwa kwenye khanga, akamkabidhi mwalimu wa kwaya ili iendelee kutumika kanisani.

Kwa msiojua, pedali ni kile kisanduku kinacholala sakafuni mbele ya mpiga gitaa. Ukikanyaga, sauti ya gitaa inabadilika. Hii ya Elia ina kitufe cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma, na kila sauti aliyoitengeneza ina namba yake. Alizipanga kwa kufuata mwenendo wa nyimbo zake, ili mguu uwe unakwenda mbele tu. Kumi na moja ni sauti safi, ya ubeti. Kumi na tatu ni ile kali ya kuchezesha watu kwenye sebene. Katikati, namba kumi na mbili, aliweka sauti yake ya nyimbo za maombolezo. Inatetemeka, kisha inarudi kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Sijawahi kuisikia kwa mpigaji mwingine.

Mimi siitumii. Lakini ili nitoke kumi na moja nifike kumi na tatu, lazima nipite hapo. Inabidi nikanyage mara mbili, harakaharaka, pale kiitikio kinapoisha, huku vidole vinaendelea na kazi yake. Elia alikuwa anafanya hivyo huku akicheka na watu. Mimi mwaka mzima nimekuwa nikitazama chini kama nimeangusha sindano.

Jana asubuhi nilikanyaga mara moja tu.

Wimbo ni wa furaha, kwaya imeshaanza kucheza, spika zimefunguliwa kwelikweli, ikatoka kumi na mbili. Nadhani zilikuwa sekunde mbili. Mpiga dramu aliduwaa, vijiti hewani. Kwenye mabenchi watu waligeuza vichwa, na hawakunitazama mimi. Walitazama kushoto kwangu, pale Elia alipozoea kusimama kila tulipokuja kwao. Mimi pia nikatazama. Halafu nikakanyaga tena, wimbo ukaendelea.

Wakati wa mapumziko wenyeji walitupa wali, kisamvu na kuku. Mwalimu wa kwaya alinipitia na sahani yake mkononi. "Kaka, ile kumi na mbili itatuaibisha," akasema. "Fanya utaratibu kabla ya ibada ya pili."

Sikumaliza chakula. Nilirudi kanisani peke yangu, nikapiga magoti mbele ya pedali, nikaichukua sauti kali ya kumi na tatu na kuihifadhi juu ya kumi na mbili. Kifaa kikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza.

Hapa niseme ukweli, maana nisipousema hapa sitausema popote. Ningeweza kuihamishia namba nyingine. Nafasi tupu zilikuwa kibao, na ni kazi ya dakika moja. Mimi ni karani wa masijala. Maisha yangu yote ya kazi ni majalada ya watu, na sijawahi kuchana hata karatasi moja bila kibali, sembuse ya marehemu. Kwa hiyo nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimechoka kulinganishwa naye. Hakuna mazoezi yanayopita bila mtu kusema Elia hapa alikuwa anafanya hivi, Elia pale alikuwa anafanya vile. Na asubuhi ile, kwa sekunde mbili, tena kwa kosa la mguu wangu mwenyewe, alinishinda mbele ya kanisa zima akiwa hayupo.

Nilimwonea wivu marehemu.

Ibada ya pili ilikwenda vizuri mno. Nakanyaga mara moja, sauti kali inatoka, watu wanainuka, mwalimu ananionyesha dole gumba. Ila kila nilipokanyaga nilikuwa naisikilizia ile nyingine. Haikutoka.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Mama Elia akaja. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia.

"Asubuhi nimemsikia mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeinama natafuta miwani, nikamsikia. Mchana nikawahi benchi la mbele kabisa. Nimekaa, nimengoja. Hukumpiga."

Nikatazama nyaya miguuni.

"Mwisho wa mwezi tunamwekea msalaba kaburini. Njoo umpigie ile yake, baba. Ile ile. Sitaki kitu kingine."

Nikasema, "Sawa, mama. Nitapiga."

Neno lilitoka lenyewe. Akaniombea baraka, akaenda kuwaambia wenzake, na nikawaona akina mama wanne wakigeuka kunitazama na kuniinamia vichwa kwa shukrani. Nikajifanya nashughulika na waya. Njia nzima ya kurudi Kibaha wenzangu waliimba, mimi nikajifanya nimelala.

Leo nimetoka kazini mapema, nikajifungia ndani na pedali na hedifoni. Neema, anayeimba sauti ya kwanza, alirekodi ibada ya asubuhi kwa simu, nikamwomba anitumie. Ipo. Kwa sekunde mbili anasikika Elia, halafu mguu wangu unamwondoa. Nimeirudia mpaka simu imeishiwa chaji, nikaichomeka, nikairudia tena. Nimebonyeza vitufe, nimeongeza mtetemo, nimepunguza mwangwi, nimefuta na kuanza upya. Ilipofika saa kumi na moja nilikuwa nimepata kitu. Kinafanana. Nilipokipiga mara ya kwanza nilivua hedifoni na kugeuka kuangalia mlangoni.

Hakukuwa na mtu.

Lakini si yenyewe. Mwangwi wa Elia ulikuwa unachelewa kidogo mahali fulani, na mahali hapo sipaoni, hata nikifumba macho. Mama yake huenda asigundue. Atalia pale kaburini, atanishika tena mkono, atanibariki, na hakuna atakayejua ila mimi. Naogopa kugunduliwa, ndiyo, lakini baraka hiyo naiogopa zaidi.

Siwezi kufanya hivyo. Au tuseme naweza, na ndiyo maana inabidi niwahi kabla sijaizoea hii ya kuigiza. Jumamosi hii nakwenda Maneromango, na gitaa silibebi. Nikishamwambia, ataamua mwenyewe kama siku ya msalaba nipige au nikae kimya, au nisifike kabisa.

Tangu jioni natafuta namna ya kuanza. Nimejaribu kuanza na mwalimu wa kwaya na maagizo yake. Nimejaribu kuanza na vile kitufe kilivyo kidogo na kiatu kilivyo kikubwa. Nikijisikia ninavyojitetea, naona aibu hata humu chumbani. Ukiondoa visingizio vyote, maneno yenyewe ni machache sana.

Shikamoo mama. Nimemfuta.