Kichwa Kwake, Pumzi kwa Dada Yake

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeambiwa kwamba mimi ni mchafu kuliko gari.

Mkubwa, mwanangu wa kwanza, amekuja chumbani jioni na simu mkononi, uso unang'aa kama wa mtoto aliyeletewa viatu. Ofisini kwao wana mashindano. Kila mfanyakazi anapima hewa ya ukaa inayotoka nyumbani kwake, kisha anaipunguza. Mshindi atapelekwa ng'ambo kuhutubia mkutano. Kwa ndege! Nikamuuliza hiyo ndege itahesabiwa kwa nani. Akacheka. "Mama bado mwalimu tu."

Simu yake inampa kila mtu mstari wa rangi. Wa mke wake ni mfupi, kijani. Wake umerefuka kidogo kwa sababu ya gari. Wangu mwekundu, umegonga ukingo wa kioo. Ni mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kitanda changu usiku na mchana, pamoja na jenereta umeme unapokatika.

"Si lawama, Mama. Ni data tu."

Data! Nimefundisha kemia mpaka mvi zikaniota kwenye nyusi. Sasa anifundishe hewa mtu niliyemfundisha kupenga kamasi?

Jumatano, 4 Juni

Umeme umekatika mchana, jenereta ikawashwa. Nikazima mashine yangu, nikavumilia kidogo, nikatega sikio. Jenereta haikushtuka hata. Ngurumo ile ile. Inaendesha friji mbili za mke wake, televisheni ya sebuleni, na feni ya Mkubwa ambaye hata hakuwemo nyumbani.

Kumbe mafuta yote ya jenereta nimeandikiwa mimi!

Nimewasha tena mashine. Nimecheka mpaka nikakohoa, nimekohoa mpaka machozi. Sikumwambia mtu. Hili naliweka.

Jumamosi, 7 Juni

Nahamishwa.

Mkubwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hapo nikajua kuna jambo baya, maana huwa hanishiki. Anasema kwa mdogo wake kuna utulivu, kliniki iko karibu, na yule binti atanitunza vizuri kuliko wao wanaoshinda kazini. Miezi michache tu. Nikamwambia nyumba hii niliijenga na baba yake, na kitanda hiki ndicho alichokata roho juu yake, nami nimekipangia kazi hiyo hiyo. Akasema, "Usiseme hivyo Mama, utaishi." Daktari mwenyewe ameshaacha kusema hivyo. Siku hizi ananiambia "pumzika" tu.

Mkewe akaja kunikunjia nguo. Yule hana ubaya, ila mdomo wake hauna mlango. "Wala usihuzunike, Mama. Kwenye hesabu bado uko hapa hapa."

"Kwenye hesabu ipi, mwanangu?"

Akaeleza kwa moyo mweupe kabisa. Hewa yote ya nyumba inagawanywa kwa idadi ya watu wanaoishi humo. Mkiwa wengi, fungu la kila mmoja linakuwa dogo. Kwa hiyo jina langu linabaki. Mashine ndiyo inayohama.

Nimemwachia akunje nguo zote. 

Jumatatu, 9 Juni

Kwa Kitindamimba, binti yangu wa mwisho. Chumba kidogo, safi, dirisha linatazama uani. Utulivu niliopigiwa debe ni huu: mkwe wangu ni fundi wa kuchomelea, na karakana yake iko chini ya dirisha hilo. Tangu asubuhi ni kukata vyuma. Mageti ya watu yanalia kama yanachinjwa.

Nimewasimulia yote wakati wa chakula. Mkwe akaacha kutafuna.

"Ina maana moshi wa mashine ya Mama, ukitokea kwetu, hauendi juu?"

Kitindamimba: "Unaenda juu, ila hausalimiani na kaka."

Tumecheka wote watatu. Kisha mimi nikaacha kucheka, na wao wakaendelea, nami nikawa natazama sahani yangu.

Kichwa changu Mkubwa amebaki nacho kwenye hesabu, kinampunguzia. Pumzi yangu ameitupia dada yake kama takataka zinazorushwa upande wa pili wa ua. Anga moja, ukuta kaujenga yeye! Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeniandikia jibu hilo ningemrudishia karatasi bila alama.

Atalipa. Naandika nikiwa na akili zangu timamu: atalipa.

Alhamisi, 12 Juni

Sikuandika siku mbili. Kifua.

Leo nimeona nijipime mwenyewe kabla ya kumpima mtu. Nimemwomba mkwe asome maandishi yaliyo nyuma ya mashine, akaniletea. Nimeongeza maji yangu ya moto, mashuka yanayofuliwa kila siku, teksi za kliniki. Nimeondoa friji za watu na feni ya asiyekuwepo. Nimekokotoa mara mbili, maana kichwa kinachoka.

Mstari wangu ni mrefu kweli.

Si kama alivyouchora, lakini ni mrefu. Mimi ajuza mmoja, nisiyetoka kitandani, ninachoma kuliko mkwe wangu na vyuma vyake. Nimekaa nao ukweli huo mchana kutwa. Kuna wakati nilijiuliza mtu anastahili kiasi gani cha hewa ya wenzake ili aongeze mwezi mmoja wa kulalamika. Nikajaribu kupunguza saa za mashine. Kitindamimba alinikuta midomo imebadilika rangi.

"Mama! Unataka kuniua?"

"Napunguza."

"Mpunguzie kaka safari yake ya ndege, usijipunguzie mwenyewe!"

Kaiwasha, kanipangusa uso, kisha kakaa sakafuni analia. Basi. Sitarudia. Pumzi ni yangu, na moshi wake ni wangu, sikatai. Niandikiwe wote. Lakini niandikiwe pale ninapolala, na nilale kwangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepiga simu.

Mkubwa alinipa fulana ya mashindano yao nilipokuwa naondoka. Kubwa, kijani, inanifika magotini. Mgongoni ina namba ya simu kwa wenye maswali. Nilikuwa na swali.

Akapokea mama mmoja, sauti ya upole, anaitwa na wenzake Mkaguzi. Nilijitambulisha kuwa mwalimu mstaafu. Nikauliza, mgonjwa akihesabiwa kuwa mkazi wa nyumba fulani, na mashine yake ikafanya kazi nyumba nyingine, inakuwaje? Akasema mtu na vyake vyote huhesabiwa anapolala. Akauliza nauliza kwa niaba ya nani. Nikasema nauliza tu. Akasema asante, na kwamba wiki ijayo watazitembelea nyumba zilizofika fainali.

Niungame, kwa kuwa kuungama kwenyewe hakutangoja sana. Nilipoweka simu chini sikufikiria dunia hata kidogo. Wala mvua, wala joto, wala vizazi. Nilifikiria uso wa Mkubwa. Nilisikia utamu mwili mzima, kama zamani nilipovua viatu baada ya gwaride la shule. Kama hiyo ni dhambi, basi nimeila mpaka nikakomba chungu.

Jumapili, 15 Juni

Hakuna aliyepiga. Mageti yamepumzika leo. Nimelala.

Jumanne, 17 Juni

Amekuja! Na matunda. Na shuka jipya. Kitindamimba alimfungulia mlango akarudi nyuma kumtazama vizuri. "Kaka, nani kafa?"

Mkubwa hakucheka. Amefika fainali. Kesho Mkaguzi anakuja nyumbani kwake, na anataka kuwaona wakazi wote. Wote, mmoja mmoja. Amenisihi nirudi kwa siku moja. Nivae ile fulana. Nikiulizwa, naishi pale. Keshokutwa atanirudisha mwenyewe.

"Na mashine?"

Akatazama sakafu. "Mashine itabaki hapa, Mama. Nitakuletea mtungi mdogo. Utatosha."

Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. "Shemeji, mtungi hautoshi kwa siku. Unataka kumpeleka Mama kwenye maonyesho?"

"Ni saa chache tu."

Kitindamimba alianza kufoka, nikamzuia. Nikasema nitakwenda. Binti yangu akanitazama kama nimerukwa na akili, na Mkubwa akaniinamia akanibusu mkono. Mkono huu huu uliopiga simu! Sikuuondoa.

Jumatano, 18 Juni

Niko chumbani kwangu. Nimeketi kwenye kiti, maana kitandani kumepangwa miche ndani ya makopo. Taa za jua dirishani. Baiskeli imeegemezwa kwenye kabati langu, bado ina plastiki kwenye usukani. Wamepatia!

Nimevaa fulana. Mtungi uko mapajani, chini ya shali, na mrija umepitishwa nyuma ya shingo. Mke wake aliufunika mwenyewe, akanitengeneza kola. Macho yake mekundu. Ameniambia polepole, "Mama, Mkubwa hajalala siku tatu."

Mkaguzi yuko sebuleni. Sauti ni ile ile. Mkubwa anamweleza habari za miche, anaongea haraka, anacheka mahali pasipo na kichekesho. Hata alipokuwa mdogo alikuwa akicheka hivyo akivunja kitu.

Mshale wa kipimo cha mtungi umeshuka. Wamezunguka jikoni, wamezunguka uani. Sasa wanaulizana habari za jenereta.

Mkubwa ametangulia kuingia. Amepiga goti, kumbe ana mvi nyuma ya sikio. "Mama. Nisitiri." Neno hilo tu. Nimengoja wiki mbili kumwona hivi, na sasa nimemwona, na kifua kinanibana na si kwa ugonjwa peke yake. Sikutegemea.

Mkaguzi mlangoni. Mdogo wa umbo, ameshika kalamu kama mimi. Amenisalimia shikamoo. Ameuliza, "Bibi, unaandika?" Nimemwambia anivumilie, namalizia.

Ameuliza kwa upole: bibi analala wapi.

Nimeivuta shali. Nimeutoa mtungi, nimeupakata juu ya fulana yao ya kijani ili auone vizuri. Ameutazama. Kisha amemtazama Mkubwa, hakunitazama mimi.

Jibu ninalo. Lakini pumzi iliyobaki sitaitumia kumsemea; aseme mwenyewe mimi na mashine yangu tunalala wapi. Nimeelekeza kalamu kwa mwanangu. Amefungua mdomo. Namwacha aanze yeye—