Bia Moja Jinja

Shikamoo Mama,

Hapa Jinja mjini, ng'ambo ya mpaka, kuna baa kongwe, dari ya mbao, kaunta imelika kwa viwiko vya wanywaji. Nimeingia mchana huu kunywa bia moja, nikasema kwa furaha, "Habari zenu! Nani anahudumia hapa?" Wanywaji wakaweka glasi chini. Mwanamume mmoja akatoroka kwa mlango wa nyuma. Mama mwenye baa, wa umri wako, akainua mikono: "Afande, sisi nakunywa tu. Hapa hakuna mtu mbaya."

Kumbe kwao Kiswahili ni cha askari wa enzi za udikteta, waliokuwa wakigonga milango usiku na kuchukua watu. Nikaiogopa sauti yangu mwenyewe. Nilitaka kumtuliza, lakini kwa lugha gani?

Nikirudi unifokee kama kawaida yako, Mama, nisikie Kiswahili kisichotisha mtu.

Mwanao, Baraka