Saa Tatu na Dakika Hamsini na Moja

Orodha ya minazi imepatikana! Yote, jina kwa jina, mnazi kwa mnazi, na aliyeitoa ni mwanangu Mejumaa, wala si mwengine.

Haya, sasa ndiyo niwasalimu. Asalaam aleikum nyote mnaopitia ukurasa huu. Leo ni Jumatano, hapa kwetu Kinondo kumeshuka manyunyu tangu alfajiri, na mimi nawaandikia kwa furaha. Na kwa aibu kidogo, nitawaeleza.

Marehemu mkwe wangu alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa nazi. Kabla hajafa aliwagawia wanawe wawili, mume wangu na dadake, wifi yangu Mwanasiti, minazi ya shamba letu hili. Mgao aliuandika kwenye kompyuta ya chama. Chama kikafa, mzee akafa, kompyuta ikabaki uvunguni mwa kitanda changu. Huu ni mwaka wa pili mimi na wifi hatuingiliani majumbani kwa sababu ya minazi hiyo, hatukubaliani upi wa nani.

Mejumaa anatengeneza kompyuta Msambweni. Cheti chake nimekitundika sebuleni, akija mgeni namkalisha mkabala nacho. Akaifungua ile kompyuta, akaniambia diski ya ndani bado ni nzima, ila tundu zote za kutolea kitu zimeliwa na chumvi. Iliyobaki hai ni modemu, kile kidude ambacho zamani kilipeleka taarifa za chama Mombasa kwa waya wa simu. Basi akatafuta modemu nyingine kuukuu, akaifunga kwenye kompyuta yake, akaziunga mbili hizo kwa waya mezani pangu. Zilivyoanza kusalimiana kwa milio yao, kuku wote walitoka mbio.

Hakujua orodha imo faili gani, kwa hiyo akaamua kuvuta diski nzima. Megabaiti ishirini, yaani baiti milioni ishirini.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Fundi mmoja kijana wa bara, aliyekuja kutoka Ukunda kutazama hayo maajabu, alisema ni dakika ishirini na tatu tu. Nami, mdomo wangu huu, nikawatangazia majirani kuwa nusu saa haifiki.

Mejumaa akakataa. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kalenda. Diski hupimwa kwa baiti, nayo inatoa baiti laki tano kwa sekunde. Ingekuwa yenyewe tu, ingemaliza kwa sekunde arobaini. Lakini modemu hupimwa kwa biti, nayo inapitisha biti elfu kumi na nne na mia nne kwa sekunde. Biti nane ndizo baiti moja, yaani herufi moja. Tena kila herufi ikisafiri hutangulizwa biti moja mbele na kufungiwa moja nyuma, kama bibi harusi hatoki peke yake. Zinakuwa kumi. Kwa hiyo ugawe kwa kumi: baiti elfu moja mia nne na arobaini kwa sekunde, basi.

Megabaiti ishirini kwa mwendo huo ni saa tatu na dakika hamsini na moja. Fundi alizichukua biti akazihesabu kama baiti.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilielewa. Nasema nilielewa.

Tulianza saa tatu asubuhi. Wifi Mwanasiti alikuja kushuhudia, tusije tukabadilisha majina. Alikaa kitako mlangoni, buibui hakuvua. Mejumaa akatoka kwenda kununua tokeni za stima, umeme usije ukakatika, akasema, "Mama, isiguswe mpaka saa saba. Ikikatizwa tunaanza upya, na mashine hii sidhani itawaka mara ya pili."

Saa nne kasoro robo, kimya. Namba kwenye skrini zinajikokota. Fundi akasimama.

"Mathe, hiyo imekwama. Zima uwashe tena."

"Mejumaa kasema saa saba."

"Aah, mathe, mimi hizi nimezizoea. Unaiunguza bure."

Majirani dirishani wakaanza: "Mama Mejumaa, nusu saa yako ya wapi hiyo?" Wakacheka.

Nikainuka. Mkono wangu ulikuwa umeshashika plagi.

"Wifi!" Mwanasiti akaninasa kifundo cha mkono. "Mwana kasema saa saba. Saa saba imefika?"

"Haijafika."

"Basi keti."

Niliketi. Mimi ninayemsifu mwanangu sokoni, msikitini na kwenye matanga, sikumwamini mbele ya kijana wa kuja. Aliyemwamini ni shangazi yake, ambaye sijampa hata maji mwaka wa pili huu.

Nikaenda kupika chai.

Saa saba kasoro dakika tano ikamaliza. Dakika nne tu zaidi ya hesabu ya kalenda! Fundi aliipiga kalenda picha, akaondoka zake. Mejumaa akaitafuta orodha, akaipata, akaisoma kwa sauti. Minazi arobaini na miwili: ishirini na mitatu ya mume wangu, kumi na tisa ya wifi.

Mitatu ya karibu na kisima, ambayo nazi zake nimeziangua miaka yote nikiapa kuwa ni yetu, ni ya Mwanasiti.

Wifi aliomba kikombe cha pili.

Nimempigia mume wangu, yuko kazini Mackinnon Road. Kasema aliloandika baba ndilo hilo hilo. Mejumaa nimemweleza habari ya mkono wangu na plagi. Alicheka, kisha akainama kukunja waya zake, na kule kuinama ndiko kulikoniuma.

Sasa kila shina litatiwa rangi ya mwenyewe, mbele ya watu. Tutaanzia kisimani, na brashi nitaishika mimi. Jamaa wote wa Kinondo, wa Ramisi na wa Msambweni, mnangojewa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri.