Mkono Unaokwenda Dirishani

Kware, Nairobi
7 Aprili 2024

Kwa Mjomba Zedekiah,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Anyango, ambaye ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka ovyo ili kila mtu amwone. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako na kwa lile goti lako.

Mashine yako ya santuri inanisumbua. Tangu uniachie uliporudi nyumbani haijawahi kukataa kazi, lakini wiki hii ikifika katikati ya wimbo inarudia neno lilelile mpaka niinyanyue sindano. Sauti nayo inakwaruza. Nimeitazama kwa ile lenzi yako, nikaona kijiti kinachobeba sindano kimepinda kuelekea katikati ya santuri, na kichwa kinachokishika kimebaki nyuma. Labda ni mafundi wanaoongeza orofa ya saba na ya nane juu yetu, maana wanagonga kutwa. Nakuandikia barua kwa sababu simu hutaisikia, na kwenye kabambe yako, hiyo simu ya vitufe, mchoro hauwezi kuingia. Mchoro uko nyuma ya karatasi. Usinicheke.

Mpwa wako,
Adongo


Ukwala
11 Aprili 2024

Kwa mpwa wangu Adongo,

Barua yako niliipokea ofisi ya basi, nikaisoma nimesimama. Mimi ni mzima. Goti linanipeleka kanisani na kunirudisha, ila masikio ndiyo yamekufa kabisa. Mwambie Anyango meno yatarudi, asiwe na haraka.

Mchoro nimeucheka, samahani, lakini ugonjwa nimeuona na kosa ni langu. Mikono inayobeba kichwa cha sindano kwenye mashine za watu wengine imefungwa mwisho mmoja na hufunguka kama mlango. Huu nilioutengeneza mimi ni kigari kinachotembea moja kwa moja juu ya fimbo ya kioo. Hakina mota, sindano yenyewe ndiyo inayokivuta. Kwenda juu na chini ni chepesi, lakini kwenda kando ni kizito, na kichwa nilichokuachia ni cha aina laini. Kijiti chake kimechoka, kigari kimekishinda nguvu. Ninakutumia kichwa kigumu ndani ya kopo la majani chai, nimekizungushia pamba. Kikaze kwa bisibisi ndogo na uongeze uzito wa sindano kidogo tu. Masikio ya kukusaidia sina, kwa hivyo wewe angalia kijiti. Kikinyooka, tumepona.

Mjomba wako,
Zedekiah


Kware
18 Aprili 2024

Kwa Mjomba,

Salamu. Huku ni wazima, tumechoshwa na mvua tu. Mto umepanda mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa ploti.

Kichwa kilifika salama. Siku tatu mashine iliimba kama mpya, Anyango akacheza hadi jirani wa orofa ya tatu akapanda kuuliza tunatwanga nini. Siku ya nne, yaleyale. Kijiti kimepinda tena, upande uleule.

Nikaazima pima maji kwa mafundi wa juu. Kile kitone cha hewa kinakimbia mbali na dirisha, kwa hivyo nikaweka kadibodi mbili chini ya mguu wa kulia, ule wa upande wa dirisha, mashine ikaimba. Jumanne nikaongeza ya tatu. Leo ziko tano. Fundi mmoja ananiuliza kila asubuhi kama nimeshamaliza kujenga meza yangu. Hata Ummulkheir, yule mama wa Lamu anayekaanga mahamri pale chini, analalamika kwamba mafuta yanajaa upande mmoja wa karai, nikamwambia nitamletea kadibodi. Mlango wa chumba cha kulala nao umevimba kwa unyevu, naufungua kwa bega. Je, nitafute kichwa kigumu zaidi?

Mpwa wako,
Adongo


Ukwala
22 Aprili 2024

Kwa Adongo,

Natumai mko salama, na leo natumai kwelikweli.

Barua yako nimeisoma mara nne. Usinunue kichwa. Toa kadibodi zote. Igeuze meza, mashine ikiwa juu yake, upande uliokuwa kulia uwe kushoto. Kisha weka kigari katikati ya ile fimbo, sindano ikiwa hewani, halafu ukiachie. Usikisukume. Fanya hivyo tena mahali pengine mbali na meza. Niandikie kinakwenda wapi, na uandike siku hiyohiyo. Nadhani ni mguu wa meza uliooza. Namwomba Mungu uwe ni mguu wa meza.

Mjomba wako,
Zedekiah


Kware
26 Aprili 2024

Kwa Mjomba,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Anyango anakusalimu, anasema jino moja limechungulia.

Nimegeuza ulivyoniagiza, na sasa mambo yamekuwa kinyume. Sindano hairudii tena. Inaruka nyimbo na kukimbilia katikati ya santuri. Nimejaribu sakafuni, jikoni, na hata kwenye ngazi. Kila mahali kigari kinakwenda upande wa dirisha, upande wa mto. Anyango anasema kinataka kuona nje.

Patrobas, keateka wetu anayetunza ploti, alinikuta nimepiga magoti kwenye ngazi. Akasema, "Madam, hiyo gramafoni imekuchizisha." Nikacheka naye, kisha nikakiachia kigari mara nyingine. Mjomba, niambie tu kwamba ni kichwa cha sindano.

Mpwa wako,
Adongo


Ujumbe wa simu kutoka kwa Mjomba
29 Aprili 2024, saa nne asubuhi

Adongo leo sikusalimu. Si kichwa. Si mkono. Si meza. Ni nyumba inalala upande. Mchukue mtoto mtoke sasa hivi. Waambie wote watoke. Mjomba wako.


Ukwala
2 Mei 2024

Adongo,

Hujanijibu, leo ni siku ya nne. Caleb wa dukani amekupigia kwa niaba yangu mara kumi na mbili, na kila mara ananitikisia kichwa. Barua hii naituma kwa Lela, mwalimu mwenzako wa Buruburu, kwa sababu sijui kama mlango wako bado upo. Namba ya Caleb na yangu ziko nyuma.

Leo mchana watu wamejazana dukani wameinamia redio. Nilipoingia, vinywa vyote vilifungwa. Nikamwomba Caleb aniandikie wanachosema. Akachukua kalamu, akaandika "Nairobi", kisha akairudisha kalamu mezani.

Mimi naogopa, mpwa wangu. Shuleni tulifundishwa kuandika "mimi sijambo, hofu ni kwako", na nimeyaandika maneno hayo miaka hamsini kama mtu anayepiga muhuri. Sasa hofu yenyewe imenikalia kifuani na hainipi nafasi ya kupumua. Wiki tatu nilikushughulisha na kichwa cha sindano. Mkono nilioutengeneza mwenyewe ulikuwa unasema wazi, na mimi nikawa naulaumu. Sitaki habari ndefu. Niandikie neno moja tu, sijambo.

Mjomba wako,
Zedekiah


Kware
4 Mei 2024

Mjomba wangu,

Sijambo. Anyango hajambo. Tunalala kwa Lela. Simu niliiacha ndani ikichaji, na namba yako sikuwa nayo kichwani mpaka barua yako ilipofika jana, nikakutumia lile neno moja kwa simu ya Lela.

Ujumbe wako ulinikuta nikifua. Sikuweza kuwaambia watu kwamba nyumba inalala, wangenifungia ndani na kuniita wazimu. Nikampeleka Anyango nje, nikaibeba mashine hadi kwenye ngazi, nikaachia kigari mbele ya kila aliyepita. Kinakwenda mtoni. Nageuza mashine. Kinakwenda mtoni. Ummulkheir alitazama mara moja tu. Akasema, "Mafuta yangu yameniambia wiki nzima, mimi nikayatukana." Akazima jiko akatoka. Patrobas alicheka, akaniomba nigeuze tena, kisha hakucheka. Akampigia mwenye nyumba, akaambiwa awatulize watu. Badala yake akapanda orofa moja moja akibisha milango: "Tokeni, wasee, hii keja, hii nyumba, haiko sawa." Jioni nyumba ilikuwa tupu, na magodoro yetu yakilowa barabarani.

Halafu nyumba ikasimama tu. Jumanne ikasimama, Jumatano ikasimama. Watu wakaanza kunitukana mbele ya mwanangu. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliniuliza kama nimefurahi sasa. Alhamisi asubuhi wakasema wanarudi, na mimi, Mjomba, nilikuwa nimeanza kuomba nyumba ianguke ili nisiwe mwongo. Hilo nimekuandikia wewe peke yako.

Patrobas akajiweka langoni. Akasema ataingia yeye kuangalia kigari pale kwenye ngazi tulipokiacha Jumatatu, nilipokiweka katikati na kukizuia kwa uzi. Atakata uzi, na kisiposogea, kila mtu arudi kwake. Aliniuliza, "Kikienda dirishani ndiyo mbaya, sivyo?" Nikamwambia ndiyo. Nilimfundisha mimi. Tukamwona kwenye dirisha la ngazi, akatoa kichwa akapiga kelele, "Kimeenda! Kimeenda mbio!" Akageuka kushuka. Nyumba ikakaa chini kabla hajafika mlangoni.

Ni yeye tu aliyekuwa ndani. Watu wananishika mikono sasa, hata yule mama, na mimi nataka wasinishike.

Tangu siku hiyo wanachimba. Kila baada ya muda wanazima mashine za kuchimbia na kuinua mikono, na umati wote unanyamaza, hata watoto. Sijawahi kuisikia Kware ikiwa kimya. Jana jioni mwanamume mmoja alisema amesikia kitu kikigonga. Naogopa kwamba ni kweli na naogopa kwamba si kweli. Barua hii naimalizia hapahapa kwenye kifusi, halafu Lela ataipeleka ofisi ya basi. Wameinua mikono tena. Naweka kalamu chini nisikilize.

Mpwa wako,
Adongo


Ujumbe wa simu kwenda kwa Lela
5 Mei 2024, saa tisa alasiri

Barua imefika. Mwambie Adongo aniambie wamesikia nini. Mjomba wake.


Ujumbe kutoka simu ya Lela
5 Mei 2024, saa kumi na dakika ishirini

Ni sauti ya Patrobas, Mjomba. Anaomba maji. Mpwa wako.