Kunguni Hawajui Ukwe

Bulyaga, Tukuyu
9 Juni 2024

Mpwa wangu Tupokigwe,

Pokea salamu nzito kama mkungu wa matoke. Habari za Iringa, habari za kazi, na hao mabinti wa bwenini unaowalea, wazima? Sisi huku tunapumua, ukiondoa baridi, ambayo mwaka huu imekuja na ukoo wake wote. Mimi mwili una afya ya nyati. Moyo ndio umechafuka.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga, nikifika tu pale penyewe, unasema, "Mjomba, niko kikaoni." Barua haina kikao. Kaa chini usome.

Ikupa ameondoka. Mke wa Lugano, mkamwana wangu mimi, amembeba mtoto akaenda kwao Ipinda, kule Kyela. Mtoto yule yule, wajina wangu, Nsajigwa mdogo, ambaye hata jino hajaota. Nilikuwa kwenye migomba, narudi nakuta kamba ya nguo haina nepi hata moja. Namuuliza Lugano, "Mkeo yuko wapi?" Anatazama viatu vyake.

"Baba, amekwenda kupumzika."

"Apumzike nini? Nani kamchosha?"

Ndipo akatoa neno ambalo tangu niezeke bati langu la kwanza halijawahi kutamkwa chini yake. Kunguni.

Kunguni! Kwa Nsajigwa!

Eti mtoto ana vipele mgongoni na shingoni. Eti mama yake hawezi kuvumilia tena. Tupokigwe, mimi ndiye wa kufundishwa kunguni? Uliza watu wa zamani. Mwaka ule napasua mbao, nililala kwenye gesti moja pale Uyole, kunguni wake walikuwa wengi hata wakaninyanyua na godoro wakaanza kunipeleka mlangoni. Nilifumbua jicho moja nikawaambia, "Nirudisheni." Wakanirudisha! Asubuhi mwenye gesti alinipigia magoti nisiondoke, maana tangu anijue mimi, wadudu wake walikuwa na adabu. Niliishia darasa la nne, lakini si kwa ujinga. Mwalimu aliishiwa cha kunifundisha.

Hata hivyo sikukaa kimya. Nilichukua bomba la mgongoni, nikajaza dawa ile ya kupulizia viazi, nikapiga chumba cha Lugano, sebule, na jikoni, mpaka paka akahamia kwa jirani. Chumba changu sikukigusa kwa sababu mimi siwashwi. Sina kipele hata kimoja. Damu yangu chungu, kunguni akinionja anaandika wosia.

Mila yetu unaijua. Mkamwana na baba mkwe hatutazamani wala hatusemezani, akiniona barazani anazunguka nyuma ya nyumba. Siwezi kumpigia simu. Wewe anakusikiliza. Mwambie arudishe wajina wangu. Na aiombe radhi nyumba hii.

Ni mimi mjomba wako, niliyesingiziwa,
Nsajigwa

*

Iringa
17 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Natumaini baridi imepungua na mgongo haukusumbui. Mimi mzima, mabinti nao wazima, wanakusalimu ingawa hawakujui. Barua yako niliwasomea kipande cha gesti wakacheka mpaka wakalia.

Mjomba, naomba usikasirike, maana nakuandikia kama mtoto wa dada yako. Kwanza, ile dawa ya viazi usiipulizie tena ndani. Ile ni ya shambani. Ingemdhuru mtoto kuliko kunguni wote wa Rungwe. Mwambie Lugano afungue madirisha, na godoro ulilolipulizia asililalie kabisa.

Pili, kunguni si uchafu wala si aibu. Kwetu bwenini wanaingia kila muhula ndani ya masanduku, na wengine wanatoka kwenye nyumba za wakubwa kuliko wewe. Tunatoa kila kitu, tunachemsha nguo na mashuka, tunamwaga maji ya moto kwenye maungio ya vitanda, magodoro tunayaanika juani. Lakini tunafanya vyumba vyote siku moja. Ukiacha kimoja, umewapa pa kukimbilia.

Sasa nauliza tu. Mchana mtoto alikuwa analala wapi? Na chumba chako, Mjomba, tangu mama Lugano afariki, nani anatandika?

Wako mpwa,
Tupokigwe

*

Bulyaga
30 Juni 2024

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi mzima. Wewe, sina hakika.

Unauliza nani anatandika chumba changu. Swali gani hilo kumwuliza mtu mzima? Chumba changu kinatandikwa na mwenyewe. Mtoto mchana alikuwa analala na babu yake, mahali salama kuliko pote katika wilaya hii. Akilia hivi, nikimlaza juu ya kifua changu, ananyamaza. Mama yake hana kifua cha namna hii.

Halafu unaniambia nianike magodoro juani. Jua! Umesahau ulizaliwa wapi? Juni hii, jua la Tukuyu likitoka, watu wanatoka nje kuliuliza limepotelea wapi. Ukianika godoro hapa, jioni unavuna uyoga.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na ukungu. Jua liko Kyela, basi godoro liende Kyela! Nilipanda Fuso linalokwenda kuchukua mchele, nikapakia magodoro ya kina Lugano, makochi ya sebuleni na mazulia. Dereva akasema, "Mzee, unahama?" Nikamwambia, "Nayapeleka likizo." Nilikaa juu ya mzigo ule mteremko wote, na kila kijiji watu walisimama kunipungia mkono wakidhani ni kiongozi.

Tukashukia Ipinda, maana ndiko nilikomjua mtu mwenye uwanja mpana. Mtu huyo ni nani? Mzee Simon, baba yake Ikupa. Nia yangu ilikuwa ni jua tu. Sikwenda kumbembeleza mtu.

Basi nimepanga magodoro uwanjani, Simon akatoka, akayazunguka kama anayekagua ng'ombe.

"Karibu, mkwe. Haya ya nani?"

"Ya Lugano."

"Na lako?"

"Langu halina haja."

Akakohoa. Tupokigwe, kuna kikohozi cha ugonjwa na kuna kikohozi cha dharau, na watu wa Kyela wamesomea hiki cha pili. Akasema, "Mtoto tangu afike hapa hajaota kipele hata kimoja." Nikamwambia, "Ni kwa sababu kunguni wenyewe walitoka hapa, sasa wamefurahi kuona watu wa kwao!" Akacheka. Nilisema kwa hasira, yeye akacheka!

Wakaniletea wajina wangu. Amenenepa. Ngozi laini kama ganda la yai. Mama yake alikuwa nyuma ya mikakao, nikaona upindo tu wa kanga. Nilipomrudisha mtoto, alinishika kidole hiki cha shahada na hakutaka kukiachia. Simon alikibandua mwenyewe.

Nikarudi na magodoro yaliyokauka mpaka yanapiga kelele. Na sasa Lugano ananiambia kunguni wamerudi! Wamerudi kitandani kwake, wazima, wana njaa. Nilimfokea Mrisho muuza dawa pale mjini, aliyeniuzia ile ya viazi, nikamwambia unga wake ni majivu. Naye, kijana mdogo yule, mbele ya wateja: "Mzee Nsajigwa, dawa ni nzuri. Kuna sehemu umeiruka." Nimeruka! Mimi!

Wewe je, umeshamwandikia Ikupa au na wewe uko upande wa Kyela?

Mjomba wako mwenye haki,
Nsajigwa

*

Iringa
8 Julai 2024

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa. Kama umesimama, kaa.

Niko upande wako, ndiyo maana nasema ambalo Lugano anaogopa kulisema na Ikupa haruhusiwi. Ikupa alichemsha kila kitu tangu Aprili. Alifua mpaka mapazia. Kila alipomaliza, walirudi, na mwisho akawaona wanatokea wapi. Wanatoka chini ya mlango wako.

Angefanya nini? Hawezi kuingia chumba cha baba mkwe. Hawezi kugusa kitanda chako. Hawezi hata kukusimamisha akakuambia. Ulikuwa unamchukua mtoto mchana ukamlaza kwako, na kila akirudishwa alikuwa na vipele vipya. Alinipigia simu akilia, akasema, "Dada, nikimnyima babu mtoto, nimemtukana. Nikimpa, analiwa." Akaona afadhali aondoke alaumiwe yeye.

Kutowashwa kwako si ushahidi, Mjomba. Wapo watu wengi, hasa wa umri wako, wanaoumwa na kunguni na ngozi isionyeshe kitu. Wanakula kwako kimya kimya, mtoto ndiye anayepiga kelele.

Mzee Simon amesema mjukuu hatarudi Bulyaga mpaka aweze kutembea kwa miguu yake, ajue kukimbia mwenyewe. Si mkorofi. Amechoka kumwona binti yake anakonda.

Nisamehe maneno makali. Hakuna mwingine wa kuyaleta.

Mpwa wako anayekupenda,
Tupokigwe

*

Iringa
3 Agosti 2024

Shikamoo Mjomba,

Hujambo? Sijapata jibu, na simu yako haipokelewi. Lugano anasema unakula nje, na chumba umekifunga kwa ufunguo.

Nitukane basi, nijue uko salama.

Tupokigwe

*

Bulyaga
25 Agosti 2024

Tupokigwe,

Salamu, ingawa hustahili. Nipo.

Barua yako nilitaka kuichoma, nikakumbuka kwamba ukichoma ushahidi wa kukosewa hutaweza kushitaki. Nikaikunja. Nikakaa na hasira kama kuku anavyokaa na mayai. Kisha nikaamua nikuumbue. Nikasema, nitakipindua kitanda changu mchana kweupe, nimulike kila upenyo, nisione kitu, halafu nikuandikie barua ambayo ungeisoma mpaka uzeeni.

Kitanda hicho nilikipasua mwenyewe na kukiunga mwenyewe, zawadi niliyompa mama Lugano siku alipoolewa. Hakina msumari hata mmoja. Nikatoa chaga ya kwanza, nikamulika.

Hawakuwa kunguni, mpwa wangu. Ilikuwa kata nzima, na diwani wao. Walikuwa wamejipanga kwenye maungio, wanene, wekundu, na mayai meupe kama chumvi. Walinitazama bila woga, kama wapangaji waliolipa kodi. Kunguni wale wa Uyole wasingethubutu kulala nao.

Sasa nisikilize, na usinijibu hili. Shuka la upande wa mama Lugano sikulibadili tangu tulipomzika. Mto wake vilevile. Nilikuwa nalala huku, pale pake pako vile alivyopaacha. Ndiyo maana nilikuwa sitaki mtu aingie, si mila peke yake. Na mtoto nilikuwa namlaza pale. Nilitaka alale pale. Basi. Nimemaliza hilo.

Nikamwita Lugano. Nikamwambia, "Mimi nakwenda Mpuguso kwa mdogo wangu Abrahamu. Mlango nauacha wazi. Mwambie mkeo, nikiwepo mimi yeye haingii, lakini nikiwa sipo, chumba hicho hakina baba mkwe. Ni chumba tu." Lugano akafungua mdomo. Nikamwambia, "Godoro mlichome. Kitanda msikichome. Hilo shuka na mto, yeye aamue, mimi sitaki kuona." Nikaondoka na nguo nilizovaa.

Ikupa akapanda gari siku hiyo hiyo, mtoto akamwacha kwanza kwa bibi yake. Nimeambiwa alikuja na akina mama wawili wa kanisani, wakachemsha maji kwenye pipa, wakakivunja kitanda kipande kipande, wakavichovya kama wanaoosha vyombo vya arusi. Walifanya vyumba vyote kwa pamoja, kama ulivyosema, usijivune. Baada ya wiki wakarudia tena. Simon akaridhika, mtoto akaletwa. Ndipo leo Lugano akanitumia neno nirudi.

Nikaja na mvua ya manyunyu. Mtu amekaa ugenini kwa Abrahamu, anayekoroma kama mashine ya kupasua mbao, anategemea kupokewa. Nafika mlangoni kwangu, mlango umefungwa! Nagonga. Ndani nikasikia sauti, na sauti ile, tangu aolewe katika nyumba hii, haijawahi kusema kitu mimi nikisikia. Haikusema na mimi. Ilisema na mtoto.

"Nsajigwa mdogo, mwambie babu asiingie na nguo za huko. Maji ya moto yako nyuma ya jiko. Avue zote, aziloweke."

Nilipandwa na hasira! Nikapaza sauti, "Nyumba hii nimejenga mimi! Matofali nimefyatua mimi!"

Sauti ikasema polepole, "Mwambie babu, nyumba ni yake. Ila nguo ni za Mpuguso."

Nimesimama pale mvuani, Tupokigwe, mtu mzima. Nikamjibu mtoto, nifanyeje, "Mwambie mama yako, babu anavua."

Nikaoga nyuma ya jiko kama jogoo anayenyonyolewa. Nguo zangu zote zilikuwa bado kwenye maji, na Lugano hakuwa na kitu kikavu cha kunipa isipokuwa joho lake la kwaya ya vijana. Linaniishia magotini. Chumbani nikakuta kitanda kimeungwa upya, godoro jipya, na upande wa mama Lugano lile shuka lake. Limechemshwa mpaka rangi imefifia, limekunjwa, limewekwa juu ya mto. Hakulitupa. Sikumwambia asilitupe. Na hawezi kuingia tena humo, na mimi siwezi kumshukuru, kwa hiyo mwandikie wewe. Usimwambie nimesema mimi. Sema tu asante ya kwetu, "Ndaga."

Sasa nakuuliza, ni haki hii? Niko barazani na joho, wapita njia wananiomba niimbe. Siwezi kuinuka kubadili kwa sababu wajina wangu amelala kifuani, ngozi safi, na kila nikijigeuza mama yake dirishani anauambia ukuta, "Mtoto asiamshwe." Naandika kwa mkono mmoja, mwandiko ukipinda, ujue sababu.

Mjomba wako, niliyeonewa nyumbani kwangu,
Nsajigwa mkubwa